Kenchi yangu ina nyuzi ngapi? Majibu matatu ya mteremko mmoja

"Mimi ni fundi wa kupaua, na darasani niliishia kidato cha pili. Nina nyumba yenye upana wa mita 8 toka ukuta hadi ukuta, na kenchi nimeipangia mlingoti wa kati wa mita 2. Mchoro wa mwenye nyumba unasema paa liwe nyuzi 25, naye anataka nimwambie kenchi yangu ina nyuzi ngapi kabla sijakata mbao. Nimegawa 2 kwa 4 nikapata 0.5. Fundi mwenzangu anasema 0.5 ni nusu, na nusu ya nyuzi 90 ni 45. Mwanangu wa kidato cha tatu alichukua kikokotoo akabonyeza tan 0.5, ikaja 0.0087. Akajaribu kwenye simu yangu ile tan yenye −1 juu yake, ikaja 0.4636. Majibu yote matatu hayafanani na paa ninaloliona. Nani yuko sahihi? Na nikiwa saiti bila kikokotoo nafanyaje?"

Fundi, nianze na jibu lenyewe ili upumue: kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, yenye mlingoti wa mita 2 juu ya nusu upana wa mita 4 ina nyuzi 26.57. Imezidi mchoro kwa nyuzi moja na nusu hivi. Usikate mbao bado. Huko chini nitakueleza tofauti hiyo ina uzito gani na nani wa kumuuliza. Ila napenda kwanza uone jibu linatoka wapi, kwa sababu kosa halikuwa kubwa kama ulivyodhani. Wewe ulikuwa sahihi kabisa. Mwanao naye, lile jibu la pili lilikuwa sahihi, ila lilikuja kwa kipimo kingine. Aliyekosea moja kwa moja ni mwenzako wa nyuzi 45, na kosa lake ndilo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote.

Tuanze na ulichokifanya vizuri. Hukugawa 2 kwa 8, uligawa 2 kwa 4. Hapo ndipo wengi huanguka. Kenchi nzima ni pembetatu, lakini haina pembe mraba, yaani ya nyuzi 90, popote, na hesabu za saini, kosaini na tanjenti tunazofundisha kidato cha pili hufanya kazi ndani ya pembetatu mraba tu. Ulipousimamisha mlingoti katikati, uliikata kenchi kuwa pembetatu mraba mbili, kila moja ikiwa na mita 4 chini na mita 2 juu. Ungetumia 8, ungepata nyuzi 14 na paa lingekuwa la kibanda. Hila hii ya kukata katikati ni ya zamani sana. Katika mafunjo ya Misri yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, ambayo leo yako British Museum, London, kuna swali la piramidi yenye kitako cha dhiraa 360 na kimo cha dhiraa 250. Hatua ya kwanza ya jibu ni kuchukua nusu ya 360, yaani 180. Halafu wanagawa 180 kwa 250, na mteremko umepatikana. Hakuna nyuzi hata moja katika swali lile. Mafundi wa Misri walipima mteremko kwa uwiano, kama wewe ulivyofanya.

Hiyo 0.5 yako basi ni nini? Ni uwiano. Inasema hivi: kila ukienda mita moja mbele kutoka ukutani, paa linapanda nusu mita. Tayari ni kipimo kamili cha mteremko. Nyuzi ni kipimo kingine cha mteremko uleule: nyuzi zinapima mbao imezunguka kiasi gani kutoka ilipokuwa imelala chali. Uwiano unapima kupanda, nyuzi zinapima kuzunguka. Vipimo hivi viwili vinaandamana, lakini haviendi kwa hatua sawa, na hapo ndipo mwenzako alipoteleza.

Fanya jaribio hili kichwani. Umekaa kwenye kona ya ukuta na tochi, mita 4 kutoka kwako kuna nguzo ndefu, na kijana wako anaipanda huku ukimmulika. Akifika mita 1 juu, tochi yako imeinuka nyuzi 14.04. Akifika mita 2, nyuzi 26.57. Mita 3, nyuzi 36.87. Mita 4, nyuzi 45 kamili. Angalia kila mita ilivyokuongezea: ya kwanza 14.04, ya pili 12.53, ya tatu 10.30, ya nne 8.13. Kijana anapanda kwa hatua zilezile, lakini mkono wako unazidi kuinuka kidogo kidogo. Akifika mita 8, uko nyuzi 63.43 tu. Hata nguzo ikiwa ndefu kama mnara wa simu hutafika 90, utaikaribia tu. Kwa hiyo nusu ya uwiano haiwezi kuwa nusu ya pembe, na ukiongeza mlingoti mara mbili pembe haiongezeki mara mbili.

Nyuzi 45 zipo, lakini ziko pale kimo kinapolingana na kitako, yaani uwiano 1, au asilimia 100 kwa lugha ya watu wa barabara. Asilimia 100 si ukuta uliosimama wima, kama wengi wanavyodhani. Ni nyuzi 45.

Watu wa pwani wana mfano mzuri wa jambo hili bila kuliita hisabati. Wakati wa Alasiri kwa madhehebu ya Shafii huingia kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, baada ya kuongeza kivuli kilichokuwepo adhuhuri. Siku ambayo jua limepita utosini na kijiti hakikuwa na kivuli adhuhuri, Alasiri inaingia jua likiwa nyuzi 45: kimo na kivuli ni sawa. Wafuasi wa Hanafi wanasubiri kivuli kifike mara mbili ya urefu. Kijiti cha mita 1, kivuli cha mita 2, uwiano 0.5, na jua liko nyuzi 26.57. Ni pembe ya paa lako hasa. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu karne nyingi zilizopita waliuita uwiano huu kivuli, na majedwali yao ya vivuli ndiyo baba wa tan iliyo kwenye kikokotoo cha mwanao.

Sasa tuje kwa mwanao. Kitufe cha tan, kifupi cha tanjenti, kinapokea pembe na kukurudishia uwiano. Yeye alikipa uwiano, 0.5, nacho kikaudhani ni pembe. Kikakokotoa mteremko wa paa lenye nusu nyuzi, ambalo kwa macho limelala kabisa, na mteremko wake ni 0.0087. Kikokotoo hakikukosea, kiliulizwa swali la kinyume. Ni kama kumpa mtu neno la Kiswahili na kamusi inayoanzia upande wa Kichina.

Kitufe cha tan⁻¹, ambacho kwenye vikokotoo vingi hupatikana kwa kubonyeza SHIFT kwanza, ndicho kinachosoma kamusi kwa kurudi nyuma: unakipa uwiano, kinakupa pembe. Kile kialama cha −1 kimewasumbua wanafunzi wangu kwa miaka mingi, kwa sababu kwenye namba za kawaida tuliwafundisha kwamba 2⁻¹ ni nusu. Hapa hakina maana hiyo. Hakisemi gawa 1 kwa tan. Kinasema: nirudishe nilikotoka. Mwambie kijana asome tan⁻¹ 0.5 hivi: "ni pembe gani ambayo tanjenti yake ni 0.5?" Akiisoma hivyo kwa sauti mara chache, hatachanganya tena.

Kwenye simu alibonyeza kitufe sahihi, na 0.4636 ni jibu sahihi. Ila simu ilikuwa imewekwa kwenye radiani. Radiani unaweza kuiona kwa kamba. Piga msumari ardhini, funga kamba ya mita 1, chora duara. Halafu chukua kamba ileile ya mita 1 uilaze juu ya mstari wa duara. Pembe iliyofunguka pale kwenye msumari ni radiani moja, nayo ni takriban nyuzi 57.3. Paa lako halijafika hata nusu ya kamba hiyo, ndiyo maana jibu lilikuja 0.4636. Zidisha kwa 57.3 utapata 26.56, na ile tofauti ndogo ya mwisho inatokana na kufupisha desimali.

Usitegemee maandishi ya DEG (nyuzi) na RAD (radiani) kwenye simu, maana kuna programu ambazo kitufe kinaonyesha kipimo utakachohamia, si kile ulichopo. Kuna dawa moja rahisi. Kabla ya hesabu yoyote bonyeza tan 45. Ikija 1, uko kwenye nyuzi, endelea. Ikija 1.6198 uko kwenye radiani. Ikija 0.8541 uko kwenye gradi, kipimo kinachogawa pembe mraba sehemu 100, na vikokotoo vingi vya shule bado vinacho. Inachukua sekunde tano.

Kuna kosa moja ambalo hukulifanya, lakini nakuonya mapema kwa sababu kwenye paa hili lingekudanganya vibaya. Tuseme umepima mbao ya mteremko, ile iliyoegama, na ukakuta mita 4.47. Kisha ukagawa 2 kwa 4.47 ukabonyeza tan⁻¹. Ungepata nyuzi 24.1, ungeona iko karibu na 25 ya mchoro, ungefurahi na kukata. Ni jibu la uongo. Tanjenti inataka upande unaoikabili pembe ugawanywe kwa upande wa jirani unaolala chini. Ukitumia mbao iliyoegama, ambayo darasani tunaiita hipotenusi, kitufe ni saini kama umegawa kimo kwayo, na kosaini kama umegawa kitako kwayo. Jaribu: 2 gawa kwa 4.472 ni 0.4472, na sin⁻¹ yake ni 26.57. Halafu 4 gawa kwa 4.472 ni 0.8944, na cos⁻¹ yake ni 26.57. Njia tatu, pembe moja. Njia mbili zikigombana, kuna kipimo ulichokosea au mlingoti haukusimama pembe mraba.

Na hilo la mlingoti kusimama sawasawa wewe unalijua kuliko mimi. Ile tatu-nne-tano mnayopigia skwea msingi inatosha hapa pia: sentimita 60 kwenye mlingoti, sentimita 80 kwenye mbao ya chini, na umbali kati ya alama hizo uwe mita 1 kamili.

Ninapotaka uangalie kwa makini zaidi ni kwenye unene wa mbao. Mchoro wa darasani una mistari isiyo na unene, lakini mbao yako ya mbili kwa nne ina takriban sentimita 10 za kimo. Je, zile mita 2 zako zimepimwa kutoka wapi hadi wapi? Na mita 4 je? Tuseme mlingoti wako wa mita 2 umesimama juu ya mbao ya chini na kichwa chake kimegusa tumbo la mbao za mteremko. Pembetatu unayoipima hapo ni ile ya ndani. Kitako chake hakianzii kwenye uso wa nje wa ukuta, kinaanzia pale tumbo la mbao ya mteremko linapokutana na mgongo wa mbao ya chini. Mahali hapo pakiwa sentimita 20 ndani, kitako ni mita 3.8 na si 4. Uwiano unakuwa 0.5263, na pembe nyuzi 27.76. Umeongeza zaidi ya nyuzi moja bila kugusa mlingoti. Kwa hiyo chagua ukingo mmoja na uufuate: ama pima pembetatu yote kwa kingo za ndani, ama yote kwa kingo za nje. Usichanganye. Mtaalamu wa mchoro na fundi wanaweza kugombana kutwa nzima kuhusu nyuzi kumbe kila mmoja anapima pembetatu yake.

Kuhusu kukata: pembetatu mraba ina pembe mbili zaidi ya ile ya nyuzi 90, nazo zikijumlishwa ni lazima zifike 90. Chini kwenye ukuta una 26.57, kwa hiyo juu, kati ya mbao ya mteremko na mlingoti, una 63.43. Fundi mwenye msumeno wa mashine hutega 63 akaona mashine haifiki, au akikata mbao inagoma kukaa. Mashine inahesabu kuanzia mkato mnyoofu wa skwea, ambao kwake ni sifuri. Tega 26.57, au 26 na nusu, kwa mkato wa juu unaolala kwenye mlingoti. Namba inafanana na ya chini, na hilo limewahi kuwachanganya mafundi wengi. Kama mbao inatoka nje ya ukuta kufanya upenu, usiisahau: upenu wa sentimita 60 ukipimwa kwa usawa unakula sentimita 67 za mbao, maana mbao inashuka kwa kuinama.

Umeuliza pia utafanyaje bila kikokotoo. Kwa kazi yako ya mikono, nyuzi hazihitajiki kabisa. Chukua kipande cha plaiwudi, pima sentimita 40 kwenye ukingo mmoja kuanzia kona, sentimita 20 kwenye ukingo wa pili, unganisha kwa mstari, kata. Hicho ni kielelezo cha paa lako, pembe zote mbili ziko humo, na unaweza kuzihamishia kwenye kila mbao kwa penseli. Ninakiamini kielelezo hiki kuliko nyuzi zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu hakuna wa kukisoma vibaya. Ukitaka nyuzi za kumwambia mwenye nyumba, kiwekee kipimapembe cha seti ya hesabu ya mwanao. Utasoma kati ya 26 na 27, na hiyo inatosha kwa mazungumzo.

Njia nyingine ni kitabu cha majedwali ya tarakimu nne. Fungua ukurasa wa tanjenti, tafuta 0.5000 ndani ya jedwali. Utakuta 0.4986 kwenye nyuzi 26 dakika 30, na 0.5008 kwenye nyuzi 26 dakika 36. Yako iko katikati, karibu zaidi na ya pili: nyuzi 26 dakika 34. Hapa ogopa mtego mmoja: 26.57 ya kikokotoo na nyuzi 26 dakika 34 ni kitu kilekile. Dakika ziko 60 katika kila nyuzi, na 0.57 ya 60 ni 34. Nimeona watu wakiandika "nyuzi 26 dakika 57" na kudhani wamenakili tu.

Tumalizie na mchoro. Nyuzi 25 kwenye nusu upana wa mita 4 zinataka mlingoti wa 4 mara tan 25, yaani 4 mara 0.4663, ambayo ni mita 1.865. Wewe umezidisha sentimita 13 na nusu. Mbao ya mteremko kutoka ukuta hadi kileleni ingekuwa mita 4.41 badala ya 4.47, kwa hiyo kwa upande wa gharama ya mbao na bati tofauti ni ndogo. Kwa mvua pia sioni tatizo: paa lililosimama zaidi kidogo linamwaga maji vizuri zaidi. Mwinuko mdogo mno ndio unaoleta taabu, upepo unapoyasukuma maji yarudi chini ya maungio ya bati. Kinachoharibu sura ya paa, na kufanya bati zigome kulala, ni kenchi za nyumba moja kuwa na pembe tofauti. Kama baraza au chumba cha pembeni tayari kimepauliwa kwa nyuzi 25, usilete 26.57 hapo katikati. Kama hakuna kilichopauliwa, chaguo zote mbili zinajengeka.

Hata hivyo nisingeamua peke yangu, na wewe usiamue peke yako. Mimi nimekupa pembe, na pembe haisemi kama mbao itabeba. Upana wa mita 8 si mdogo. Ukubwa wa mbao, idadi ya viungo vya ndani ya kenchi, umbali kati ya kenchi na kenchi, na jinsi zinavyofungwa ukutani zisinyanyuliwe na upepo, hayo yanapimwa na mhandisi au mchoraji aliyeona eneo lenyewe. Mpigie aliyechora, au muombe mwenye nyumba ampigie. Mwambie kwa namba: "Mchoro unataka mlingoti wa mita 1.865, mimi nimepanga 2, umepima kwa kingo za ndani au za nje?" Akikubali 2, aandike kwenye mchoro na kusaini, kwa sababu mchoro ulioidhinishwa ndio utakaotazamwa siku jambo likitokea. Na kama ukutani kuna nyufa, au kuta mbili hazilingani kimo ukizipima kwa mpira wa maji, mwite aje saiti kabla ya kenchi ya kwanza kupanda. Hilo halitatuliwi kwa simu wala kwa barua yangu.

Akisema ifuatwe 25, kata kenchi moja tu kwanza, ilaze chini kwenye uwanja uliosawazishwa, pima kimo na kitako, gawa, uone kama inakuja karibu na 0.466. Mwanao mpe kazi ya kutafuta 0.4663 kwenye majedwali, bila simu. Akikuletea nyuzi 25 dakika sifuri, mkabidhi penseli aweke alama ya mlingoti wa kwanza.